Ng'ombe wa Chuma Si wa Wazungu

Mpwa wangu ana miaka kumi na mmoja. Alipokuja kwetu Kahororo, Bukoba, wakati wa likizo alikaa barazani na daftari la hesabu, akachora ng'ombe. Pembe zilikuwa ndefu na zimepinda, pembe za Kinyankole hasa, lakini miguu ilikuwa ya chuma na mgongoni kulikuwa na taa. Kwenye simu ya kaka yake alikuwa ameona kipande cha katuni ya wachungaji wenye mikono ya mashine. Mzee jirani yetu, mtu ninayemheshimu mno, akalichukua daftari, akalitazama kwa muda, akalirudisha. "Mjukuu wangu," akasema, "haya ni mambo ya Wazungu. Wewe chora mgomba."

Kauli hiyo nimeikuta kila mahali. Nimeisikia kwenye kibanda umiza enzi ambazo sauti ya Lufufu ilikuwa inatutafsiria filamu za maroboti. Nimeisikia kwa walimu, na nimeisikia kwenye sebule za watu waliosoma kuliko mimi. Kwetu sisi, wanasema, hadithi ni sungura na fisi. Mashine zinazofikiri, safari za angani, dunia ya miaka mia ijayo, hizo ni hadithi za wenye viwanda, na zikiwa katuni basi ni za watoto wa wenye viwanda. Kauli hii husemwa kwa upendo, ndiyo sababu hakuna anayejisumbua kuipinga. Mimi naipinga. Ni ya uongo, na inatugharimu.

Katuni aliyoiona mtoto yule inaitwa Herderboy. Aliyeiongoza ni Raymond Malinga wa Uganda, na ni moja ya filamu fupi kumi zinazounda Kizazi Moto, mfululizo uliotoka Julai 2023 kwenye Disney+ chini ya studio ya Triggerfish ya Cape Town. Wachungaji wake wenye viungo vya chuma wanalinda mali ya ufalme dhidi ya viumbe wa kiroho, na ufalme wenyewe ni wa Wachwezi. Rudia kusoma jina hilo. Mzee aliyerudisha daftari anaweza kukaa mpaka taa izimwe akikueleza habari za Wachwezi hao, za Wamara, za Mugasha mwenye ziwa, za Irungu mwenye pori na Kazoba mwenye jua. Atakwambia walivyoshuka chini ya ardhi kwa Kintu, kwenye dunia nyingine kabisa, na walichorudi nacho. Mtoto alikuwa amechora mifugo ya mababu zake, akaambiwa ni ya Wazungu.

Na kuna jambo kubwa kuliko hilo la Wachwezi. Nenda Katuruka, huko Maruku, si mbali na mji wa Bukoba. Wazee wa pale wanasimulia habari za Rugomora Mahe, Omukama wa Kyamutwara wa karne ya 17, aliyewaagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, kwa kuwa alitaka kujua huko juu kukoje. Mnara ukajengwa, ukapanda, ukaanguka. Mfalme mwenye shauku ya anga, mafundi wa kwao, chuma cha kwao, kisha uzito unaoshinda hesabu. Mwandishi wa filamu za kisayansi angeongeza nini hapo? Mimi mwenyewe niliisikia hadithi hii mara ya kwanza kwa mzee huyu huyu jirani yetu, nikiwa na umri wa mpwa wangu.

Mwanaakiolojia Peter Schmidt kutoka Marekani naye aliisikia, akafanya jambo la busara: aliwafuata wazee hadi pale walipomwonyesha kwa kidole, akachimba. Akakuta mabaki ya kazi ya chuma yenye zaidi ya miaka 2,000. Katika miaka ya 1970 wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo walijenga tena tanuri mbele ya macho yake. Udongo wa kichuguu ulitumika kuijenga. Chini palikuwa na shimo la matete yaliyochomwa, na mirija ya udongo iliingizwa ndani sana ili hewa ya mivukuto ipate moto kabla ya kuufikia mkaa. Mwaka 1978, yeye na Donald Avery waliandika kwenye jarida la Science kwamba tanuri hizo zilipita nyuzi joto 1,800 na kutoa chuma cha pua. Wataalamu wengine walibishana nao kuhusu ile hewa ya moto, na wana haki ya kubishana. Lakini tanuri zilikuwako, na chuma kilitoka. Watu waliokuwa wanaunguza matete ili kubadilisha tabia ya chuma, jioni wakarudi nyumbani kusimuliana mnara wa kwenda mbinguni, leo wajukuu zao wanaambiwa kwamba kuwaza mashine ni kuiga.

Nakubali kwamba dharau hii kwa katuni za kisayansi ina mahali ilipopata nguvu. Desturi ya kuchukua filamu ya kisayansi na kuigeuza mfululizo wa katuni wa televisheni ilikomaa Marekani, na mara nyingi ilifanywa kwa tamaa. RoboCop ilikuwa filamu ya 1987 yenye damu nyingi, ya watu wazima, ikiuliza mwili wa askari unakuwa mali ya nani baada ya kampuni kuuunganisha na mashine. Mwaka 1988 ikatolewa katuni yake kwa watoto, na midoli ya kuuzia. Mtu aliyeonyeshwa hizo tu ana haki ya kusema katuni ni makapi ya filamu.

Ila azitazame nyingine kwa makini. Men in Black ilitoka Julai 1997, na Oktoba mwaka huo huo katuni yake ikaanza kuonyeshwa, ikaendelea mpaka 2001. Mwisho wa filamu, yule wakala mkongwe anafutwa kumbukumbu na kurudi kwa mwanamke aliyempenda zamani. Katuni ilikataa mwisho huo, ikamweka kazini, kwa sababu filamu inahitaji mwisho lakini mfululizo unahitaji maisha. Filamu inakuonyesha dunia ngeni kwa saa mbili kisha inakutoa. Mfululizo unakurudisha kila wiki mpaka uanze kuuliza maswali ya mwenyeji: maji wanachota wapi, shule iko upande gani, nani anazika, nani anauza. Wahaya wa huku kwetu walilijua hili zamani. Mpiga enanga, ala yetu ya nyuzi, hakumaliza habari za shujaa wake kwa pumzi moja. Alizikata na kuzirudia, na mwenye nyumba akaongeza kuni.

Nikipewa nafasi ya kuchagua filamu ya kugeuzwa hivyo, nitachagua Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009. Ina dakika kama ishirini tu. Vita vya maji vimekwisha, nje kumekauka, watu wamejifungia mjini wakisafisha jasho na mkojo wao wapate kunywa. Humo mtu akiota ndoto anapewa vidonge vya kuizuia. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo, anaweka mbegu, mbegu inachipua, na kuanzia hapo hakuna wa kumzuia kutoka. Nimeitazama mara nyingi na kila mara nafikia vile vidonge nasimama. Kumwambia mtoto "hayo ni ya Wazungu" ni kumpa kidonge hicho.

Msomaji wa Muleba hahitaji kuelezwa mbegu moja ina uzito gani. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uligunduliwa wilayani mwake, ukiwa umeanza kuitafuna Uganda tangu 2001. Majani yanageuka njano, mkungu unaiva kabla ya wakati, ukikata tunda ndani limeoza. Ugonjwa ulisafiri kwenye panga, lile panga ambalo jirani anamwazima jirani bila kuulizana, na kwenye wadudu wanaotembelea ua dume. Ikabidi watu wazima wafundishwe upya kazi waliyozaliwa nayo: kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda, kupitisha panga kwenye moto kati ya shina na shina. Nilimwona mama mmoja akiling'oa shina alilopanda siku ya harusi yake, akilia kama aliyefiwa.

Je, kama tungekuwa tumekwisha kuisimulia siku hiyo kabla haijafika? Kama watoto wa Kamachumu na Kanyigo wangekuwa wanafuatilia kila Jumamosi habari za kijiji cha mwaka 2090 kilichobakiwa na chipukizi moja la mgomba, ambako kuchoma panga moto ni heshima kama kunawa mikono kabla ya kula? Sisemi katuni ingeuzuia ugonjwa. Nasema kwamba mwaka ule wengi wetu tulipoteza muda kwa kukosa hata picha ya kibanja bila migomba. Lilikuwa jambo lisilofikirika, nasi hatukulifikiria.

Kwamba inawezekana kuifanya kazi hii kwa Kiswahili na hapa hapa, wabishi wamekwisha kujibiwa. Tangu 2014 Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam, inafundisha watoto hesabu kwa katuni za Kiswahili kupitia televisheni. Kizazi Moto ina jina la Kiswahili lakini inazungumza Kiingereza, na ilipotoka huduma ya Disney+ ilikuwa haijafunguliwa Tanzania. Mpwa wangu akakutana na Wachwezi wake kwa vipande, kwenye simu, kwa lugha ya shule. Hilo linaniuma kuliko maneno ya mzee. Mwenye fedha za kutengeneza vipindi husikiliza wanachosema wazee, wazazi na walimu. Akisikia kila kukicha kwamba haya si yetu, ataleta tamthilia ya kununuliwa nje na kuitafsiri, na hatakuwa na kosa.

Kabla mtoto hajaondoka nilimsimulia mnara wa Rugomora Mahe. Jana kanipigia kutoka kwao. Nyuma ya ng'ombe wa chuma sasa kuna mnara, na amekwama. Anataka kujua wahunzi walipandishaje mkaa kule juu, na kama mivukuto ilibaki chini au ilipanda nao. Sikuwa na jibu. Nimemwambia aje Jumamosi, alete daftari, twende tumwulize mzee.