Yangeyange Nyuma ya Ng'ombe

Mfugaji wa Kishapu hana haja ya kuambiwa yangeyange ni yupi: yule ndege mweupe, mdomo wa manjano, afuataye ng'ombe malishoni kutwa. Wengi husema anafuata kupe. Kupe humla, lakini si sana. Afuatacho hasa ni panzi wanaorushwa na kwato. Akiandamana na kundi hupata chakula kingi kwa hatua chache kuliko akiwa peke yake. Ana akili huyu!

Ni jamaa moja na kulastara, wale ndege warefu wasimamao kimya lamboni. Mwaka 1758 Linnaeus alimwita Ardea ibis. Baadaye wataalamu wakamtenga kwa jina la Bubulcus, yaani mchunga ng'ombe, na siku hizi wapo waliomrudisha kwenye Ardea. Mwenyewe hana habari. Asili yake ni Afrika na kusini ya Ulaya, lakini katika karne ya 19 alivuka bahari ya Atlantiki hata Amerika ya Kusini, na mwaka 1953 alikwisha kutaga Florida, Marekani. Hayumo katika hatari ya kutoweka duniani.

Ila sisi ni wakulima wa pamba, nayo hupulizwa dawa. Panzi mwenye sumu akidonolewa, sumu humwingia ndege. Basi masalio ya dawa yasimwagwe malishoni wala lamboni. Na watoto wakishika manati, enyi wazazi, waambieni kwamba ndege huyu hula panzi walewale waharibuo mtama wetu.