Kabla ya kuongeza mega, seva ichunguzwe kwanza
Bukavu, Goma ama Bunia, intaneti ya ofisi ikilegea, mkubwa anaamuru mega ziongezwe, nazo zinalipwa kwa dola. Ni pesa ya kutupa ikiwa kosa liko kwenye seva ya proksi, ile inayotunza nakala za kurasa.

Programu ya Squid huandika kila ombi katika faili access.log, pamoja na milisekunde ambazo lilichukua. TCP_HIT maana yake ukurasa umetoka kwenye hifadhi ya seva yenyewe. Huo nao ukichelewa, kampuni ya intaneti isilaumiwe: huenda diski ni nzito ama RAM imejaa. Kurasa za HTTPS, ambazo leo ndizo nyingi, kwa kawaida Squid huzipitisha tu bila kuzitunza.

Fundi apewe nusu saa asome faili hiyo kabla mkubwa hajatia sahihi fakture.