Uliza ukoo wa gari kabla hujatoa mahari

Leo naweka pembeni mambo ya wachumba na wapangaji, tuzungumzie magari. Lakini msidhani hili halina machozi. Analo dada mmoja wa mtaani kwetu, tena ya kutosha ndoo nzima.

Dada huyu ni mpambanaji. Anaamka saa tisa usiku, anakaanga sambusa na maandazi, anasambaza maofisini. Miaka minne kacheza upatu, kajibana, hata nguo ya sikukuu kaacha kununua, mpaka akafikisha Sh. 7,800,000. Lengo lilikuwa moja tu: kuachana na kugombania daladala akiwa na ndoo kichwani.

Siku moja akaona picha kwenye simu. Toyota IST, namba D, rangi ya fedha, inang'aa kama sahani ya harusi. Muuzaji kijana mtanashati, mdomo asali.

"Dada yangu, nasafiri wiki ijayo, ndiyo maana nakuachia kwa bei chee. Kuna mwingine anakuja jioni na pesa yake mkononi."

"Mbona kadi ina jina la mtu mwingine?"

"Aa, huyo anko wangu. Nilinunua kwake, hatukuhangaika kubadilisha. Mjini kila mtu anafanya hivyo."

Dada alikuwa amekwenda na fundi. Fundi akafungua boneti, akasikiliza injini, akazunguka na gari mtaa mzima, akasema mashine safi. Pesa ikahesabiwa palepale kwenye kiti cha nyuma.

Wiki ya tano, alfajiri, kukasikika honi getini. Breakdown! Kumbe gari liliwekwa dhamana ya mkopo, na mkopo haukulipwa. Kadi halisi ilikuwa imefungiwa kwa mkopeshaji. Ile aliyopewa dada ilitolewa baada ya mtu kwenda kuripoti kwamba kadi ya mwanzo imepotea. Kumpigia kijana, simu haipatikani mpaka leo. Dada amerudi kwenye daladala na ndoo yake.

Sasa nawauliza, jamani. Ukitaka kuoa, si wazee wanatumwa kwanza kuulizia ukoo? Binti wa nani, ana mchumba au hana, kwao kuna nini. Hakuna anayepeleka mahari kwa kuangalia macho na mwendo. Ila gari tunaanza na mwendo, ukoo tunaukumbuka breakdown ikishafika. Yule fundi hakudanganya, injini ilikuwa nzima kweli. Lakini fundi wa injini hawezi kukwambia gari ni la nani.

Kwa hiyo anza na kadi. Kaa nayo, isome kama barua ya mapenzi. Namba ya gari, namba ya chassis, namba ya injini, mwaka wa kutengenezwa, jina la mwenye mali. Halafu shuka uzilinganishe na zilizopigwa kwenye gari lenyewe. Kwa mfano hizi IST za mwanzo: chassis ikianza na NCP60, injini yake ni ya cc 1300, aina ya 2NZ. Ikianza na NCP61, ni ya cc 1500, aina ya 1NZ. Kadi ikisema hivi na injini ikasema vile, muulize mwenye gari. Na ukikuta namba ya chassis imekwanguliwa au imechomelewa upya, usiulize tena, aga uende zako.

Pili, mwambie muuzaji mwongozane TRA mkahakikishe jina lililosajiliwa, na kama kadi aliyonayo ndiyo ya kwanza au imetolewa upya. Jina hilo lifanane na kitambulisho chake. Akisema mali ni ya marehemu baba, pole zake, ila aoneshe barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Bila hiyo, ndugu watakufuata wewe. Akisema ni ya anko, basi anko aje mwenyewe.

Tatu, faini. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TMS wa polisi wa usalama barabarani, deni linaonekana. Kosa moja Sh. 30,000 mtu anaona dogo, lakini makosa kumi tayari Sh. 300,000. Alipe kabla hujanunua. Na akitokea mjanja wa kukudai pesa ya "road licence ya mwaka huu", mcheke tu. Ada hiyo ya kila mwaka ilifutwa tangu 2017.

Nne, umri. Hapa vijana ndipo tunapoingizwa mjini! Namba D inakwambia gari lilisajiliwa lini hapa Bongo, haikwambii lilizaliwa lini Japani. IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, iwe imevaa namba gani. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, mara nyingi chini kuna kilebo chenye tarehe. Omba pia kile cheti cha Japani kilichokuja na gari, kina mwaka na mara nyingi kilomita. Kama kule lilitoka na kilomita 110,000, na leo dashibodi inasoma 85,000, ujue kuna mtu kazirudisha nyuma. Pedali iliyolika mpaka chuma na usukani uliochubuka havina kilomita chache.

Baada ya yote hayo ndipo umwite fundi, na wa bodi pia, akutazamie puti na bolti za bonneti zilizoguswa spana.

Ukiridhika, mkataba uandikwe mbele ya wakili, pesa ipite benki kwenye akaunti ya jina lililo kwenye kadi, na umiliki ubadilishwe TRA mara moja. Usilale na kadi ya mtu.

Muuzaji mkweli hatanuna, naye anataka jina lake litoke kwenye faini zako za kesho. Anayekuharakisha kwamba kuna mwingine anakuja jioni, mwache huyo mwingine aje. Wahenga walishasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Juzi nimekutana na dada kituoni, ndoo kichwani. Ameanza upatu upya. Akaniambia, "Kaka, safari hii naanzia TRA, nikitoka huko ndiyo nitaangalia rangi."

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.