Ukaguzi wa Nyumba Usiishie Uani

Bwana afya akifika nyumbani hutazama ua uliofagiwa na choo chenye mlango, kisha huaga. Ukaguzi wa namna hiyo haujakamilika. Hatari kubwa imefukiwa chini: shimo la choo, karo, na maji yaendayo kisimani.

Wapo wasemao kwamba karo na kisima ni mali ya mwenye nyumba, na kuvikagua ni kumwingilia. Hoja hiyo haina nguvu, kwani maji ya ardhini hayajui mpaka wa kiwanja. Mwaka 1854, mjini London, Daktari John Snow alionyesha jinsi pampu moja ya mtaa wa Broad Street ilivyoeneza kipindupindu. Baadaye iligunduliwa kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivujia kisima chake.

Wataalamu hushauri shimo liwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, na kina chake kiishie mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Katika viwanja finyu vya Dar es Salaam, mji uliokumbwa na kipindupindu mwaka 2015, umbali huo mara nyingi haupatikani. Basi hapo ndipo maji yanapopaswa kupimwa hasa.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwahimiza wananchi kuchimba vyoo. Kuchimba pekee hakutoshi. Hapana budi halmashauri ziwape wakaguzi vifaa vya kupimia maji, na shule zianze na visima vyao wenyewe.