Kijiji Pia Kina Historia



Hapa masomoni kuna zoea moja baya. Ukimwuliza mwenzako, "Kwenu ni wapi?", anajibu, "Ah, kwetu ni porini tu, hakuna kitu." Mkutano wa Berlin wa 1884-1885 tunaujua kwa kichwa, lakini kijiji cha babu zetu hatujui kilianza namna gani. Mimi nasema jibu hilo si kweli. Tuangalie Boga.

Boga iko kusini ya Bunia, katika teritwari ya Irumu. Ni kijiji cha vilima. Mashariki inchi inashuka mpaka bonde la mto Semliki, na ng'ambo ni Uganda. Kusini kuna milima ya Ruwenzori, magharibi pori kubwa la Ituri. Kule kuna Wahema wenye ng'ombe, na porini karibu nao Wambuti.

Mwaka 1896 Muganda mmoja, Apolo Kivebulaya, alifika kule akitokea Toro, kufundisha watu kusoma na Neno la Mungu. Shefu Tabaro hakumpenda. Apolo alipigwa, akafungwa, lakini hakuacha kazi, na mwishoni Tabaro mwenyewe akabatizwa. Wakati ule Waingereza walihesabu Boga pamoja na Uganda. Halafu mwaka 1910, kule Brussels, wakubwa wa Ulaya walipatana kwamba Semliki iwe mpaka, na Boga ikawa ya Kongo ya Wabeljiji. Watu hawakuhama hata hatua moja. Mpaka ndio uliohama! Mwaka 1915 Apolo alirudi, akafikia na Wambuti, akafa Boga tarehe 30 Mei 1933. Na mwaka 1972 dayosisi ya kwanza ya Waanglikana katika inchi yetu, iliyoitwa Zaire, ilianzia Boga, si Kinshasa. Hiyo ndiyo "hakuna kitu"?

Sasa kuna haraka. Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021 washambulizi waliua watu zaidi ya 50 Boga na Tchabi, na wengi wakakimbia. Vijiji vingine vingi vya Ituri vimepata shida ya namna hiyo. Muzee akikimbia anaacha makaburi, mashamba, na watoto wa kuwasimulia. Akifa mbali na kwao, mambo aliyoyajua yanazikwa naye.

Wengine watasema: historia italeta ugomvi wa kabila, nani alitangulia, udongo ni wa nani. Hatari hiyo iko, siikatai. Lakini habari isiyoandikwa ndiyo mwongo anaigeuza kama anavyotaka. Boga inatuonyesha kwamba kijiji hakijengwi na kabila moja: Muganda, Muhema na Mumbuti wote wamo.

Basi wenzangu, vakansi ikifika, kila mmoja achukue kaye moja na biki. Uliza wazee wawili, si wa jamaa moja: jina la kijiji maana yake nini? Watu walitoka wapi? Nani alifundisha kwanza? Majirani waliishiana namna gani? Andika nani amesema nini. Wakipingana, andika yote mawili, usichague. Na walimu wa historia, tunawaomba mtusomee kaye hizo na kuzitunza masomoni.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya sita