Tusihesabu Milango Tu

Vijana wenzangu, Septemba 2023 Rais Ruto alizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 watutembelee nyumbani. Wazo ni zuri, hatupingi. Lakini dadangu alipojifungua kifungua mimba wake, mhudumu alikuja mara moja, akajaza fomu kwenye simu, akaenda zake. Kwa ripoti, nyumba hiyo "imetembelewa". Mtoto ananyonya? Mama ana mawazo? Nani aliuliza?

Simlaumu mhudumu. Posho yake ni 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka kaunti, na mara nyingi huchelewa.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya afya. Cha 35, haki ya kupata habari. Basi tuandikie kaunti zetu tudai matokeo: nini kimebadilika kwa mama na mtoto?