Kitabu cha Ozzy ulikisubiri. Cha gitaa la Kisa ataandika nani?

Kama wewe ni shabiki wa rock, mwaka wa 2025 ulikuumiza. Mnamo Julai 5 Ozzy Osbourne aliketi kwenye kiti chake cha kifalme uwanjani Villa Park, Birmingham, akaimba na Black Sabbath kwa mara ya mwisho. Julai 22 akafa. Kitabu chake, Last Rites, kilikuwa bado hakijatoka. Kilipotoka Oktoba, mashabiki walikisoma kama watu wanaosikiliza ujumbe wa sauti wa rafiki ambaye wameshamzika.

Na hao mashabiki hawako Uingereza pekee. Nairobi kuna wasee wa rock wa kutosha. Parking Lot Grass waliimba rock kwa Kiswahili, na Crystal Axis wametunga wimbo kuhusu Nyayo House. Kwa hivyo usikubali mtu akuambie kwamba kusubiri kitabu cha rock ni kuiga wazungu.

Kusubiri kwenyewe kuna raha yake. Kwanza mnabahatisha: atasema ukweli kuhusu dawa za kulevya? Atamtaja yule waliyekosana? Halafu mnaanza kupendekezeana vitabu vya kupoza kiu. Mmoja anakuja na Life ya Keith Richards, ya 2010. Mwingine anaapa kwa Born to Run ya Bruce Springsteen, ya 2016. Sisi tukiulizwa tutakuambia utafute Just Kids ya Patti Smith, ambayo kwa maoni yetu inashinda nyimbo zake nyingi. Tukanane tu kwa hilo, hakuna shida.

Sasa toa macho Birmingham kidogo, uje Bukura.

Ukiwa mtu wa mjini, pengine Bukura unaijua kwa jina tu: soko, matatu za kutoka Kakamega, na chuo cha kilimo ambacho kimefundisha maafisa wa kilimo wa vizazi kadhaa. Wewe unayesoma hapo chuoni unapajua zaidi. Lakini umewahi kuambiwa kwamba umekaa jirani na chimbuko la mtindo wa gitaa ambao kuna watu Ulaya na Marekani wanakesha wakijaribu kuupiga? Jirani yako ni Kisa, upande wa Khwisero. Huko ndiko kwao George Mukabi.

Mtindo wenyewe unaitwa omutibo. Ni gita kavu, lisilo la umeme. Kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinaimba, na mtu mmoja unamsikia kama wawili. Kando yake kuna mwenzake anayegonga na kukwaruza chupa ya Fanta ya kioo, ile yenye mbavu mbavu. Usiicheke hiyo chupa, ndiyo inayoshikilia mwendo wa wimbo mzima. Na ukisikiliza vizuri utasikia isukuti humo ndani, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo mnamo 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka.

Nyimbo za Mukabi zinazojulikana zaidi, Sengula Nakupenda na Mtoto si Nguo, ni za Kiswahili. Kwa hivyo si muziki wa Waluhya peke yao; msee wa Mombasa au Eldoret anaelewa kila neno. Mukabi aliuawa mwaka wa 1963, mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru. Hakufika umri ambao wanamuziki huketi na kusimulia walikotoka. Mwanawe, Johnstone Mukabi, alikuja kulishika gitaa hilo pia, lakini simulizi ya baba ilikuwa imekatika katikati.

Ukitaka kumsoma Mukabi leo, unaanzia mbali. Mpiga gitaa na mtafiti John Low aliandika historia ya gitaa la Kenya kutoka 1945 hadi 1980, ikachapishwa 1982 katika African Music, jarida la Afrika Kusini. Mwaka huohuo kitabu chake Shaba Diary, kuhusu safari ya kuwatafuta wapiga gitaa wa Katanga kama Jean Bosco Mwenda, kilichapishwa Vienna. Ukitaka kuzishika nyimbo za Mukabi kwenye santuri, kuna Furaha Wenye Gita, iliyokusanywa na Olvido Records ya Marekani. Afrika Kusini, Vienna, Marekani. Kitabu cha maisha yake chenye jalada na picha, kwenye rafu ya duka mjini Kakamega, hukipati.

Najua utasema: si nyimbo ziko YouTube? Ziko, na shukrani kwa wanaozipandisha. Lakini YouTube inakupa wimbo bila watu wake. Nani aligonga ile chupa? Gitaa lilinunuliwa wapi, kwa pesa ya kazi gani? Walisafiri vipi hadi studio, walilipwa shilingi ngapi, na yule mwanamke wa kwenye wimbo alikuwa mtu wa kweli au jina tu? Hayo yako vichwani mwa watu, na vichwa hivyo vina mvi. Aliyekuwa na miaka 20 Mukabi alipokufa amezaliwa 1943. Piga hesabu mwenyewe.

Kuna hesabu nyingine ambayo haizungumzwi sana. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, utunzi wa mwanamuziki unalindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa. Kwa Mukabi, ulinzi huo ulikwisha mwisho wa 2013. Mtu anaweza leo kuchukua tungo zake hapa Kenya akazipiga upya na kuziuza bila kumuuliza mtu yeyote, na sheria haimgusi. Lakini kitabu kipya kina hakimiliki mpya. Mahojiano yaliyorekodiwa na kuandikwa vizuri ni mali, na ni mali inayoweza kuwekwa kwa jina la aliyesimulia na familia yake, mkikubaliana mapema. Kwa hiyo hatuongelei kumbukumbu tamu za kitambo tu. Tunaongelea doo.

Angalia Malaika. Fadhili William, kijana wa Taita, aliurekodi miaka ya 1960 na dunia ikauchukua. Miriam Makeba akauimba, Boney M wakauimba. Nani hasa aliutunga? Hapo ndipo moto unapowaka, maana wako wanaosema ni Fadhili, wako wanaosema ni wengine waliomtangulia, na kila upande una mashahidi wake. Makeba aliandika maisha yake, Makeba: My Story, mwaka wa 1988. Fadhili alifariki 2001, na ubishi ukabaki mikononi mwa mashabiki na mawakili. Daudi Kabaka naye alifariki mwaka huohuo. Wimbo wake Helule Helule ulikuwa umepigwa upya Uingereza na kundi la The Tremeloes mnamo 1968 na kuingia kwenye chati za huko. Mwimbaji wa Uingereza akipata jambo kama hilo, analiandikia sura nzima.

Pengine unadhani kitabu cha mwanamuziki lazima kiandikwe na mwanamuziki. Hapana. Hata hao nyota wa ng'ambo wengi hawaandiki peke yao. Kitabu cha kwanza cha Ozzy, I Am Ozzy, cha 2009, kiliandikwa pamoja na mwandishi Chris Ayres. Ozzy alisimulia, Ayres akashika kalamu. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka wa 1946, alikufa 1991 bila kuandika chochote cha namna hiyo. Watu wakakusanya mahojiano yake wakayaunga yakawa kitabu mwaka wa 2006. Kinasomeka, lakini unahisi mshono, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumuuliza swali la pili.

Na sisi tulianza kabla ya wengi. Hapa ndipo tunapotaka uanzie kusoma, kabla hujaagiza chochote cha rock: Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia maskini, akauza vyungu mjini, hakupata shule. Mnamo 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na sauti yake ikafika pwani yote hii na bara. Kabla hajafariki 1950, Shaaban Robert alikwenda kumsikiliza. Hebu fikiria: mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili wa zama zake ameketi mbele ya mwanamke asiyejua kusoma, anamuuliza maswali. Kitabu ni chembamba, unaweza kukimaliza kati ya Nairobi na Kakamega hata kama basi halijakwama Nakuru. Kina kasoro: Shaaban anasifu sana, na ukitaka kujua wimbo ulitungwaje utatoka na njaa. Lakini Siti yumo, ana asili, ana uchungu, ana majibu kwa waliomdharau. Bila kikao kile tungekuwa na santuri zenye mikwaruzo na uvumi.

Baada ya hapo tafuta Shades of Benga, kazi ya Ketebul Music ya Nairobi, inayofuata muziki wa Kenya kutoka 1946 hadi 2016. Ni kitabu kizito, na si cha bei ya chipsi, kwa hivyo nendeni watatu au wanne mchange. Kwa rumba kuna Rumba on the River ya Gary Stewart, ya 2000. Nacho ni kinene, na majina ya bendi yatakuchanganya mpaka uanze kuyaandika pembeni. Ukitaka kitu cha kizazi chako, War Child ya Emmanuel Jal, ya 2009, inaanzia vitani Sudan na kuja hadi Kenya. Huyo alitoka kwenye bunduki akaingia kwenye hip hop, na hapambi.

Lakini turudi Bukura, maana kusoma ni nusu ya kazi. Wewe uliye chuoni hapo, au wewe unayekwenda ushago Desemba hii na bando ya kutosha na simu yenye nafasi: kila kijiji kati ya Butsotso na Kisa kina mzee aliyecheza muziki huu, au aliyeuuza, au aliyetoroka nyumbani usiku kwenda kuusikiliza. Huhitaji kuwa Shaaban Robert, anza na kuka wako. Mwamkie kama inavyopasa, kaa chini, usianze na simu. Mwambie unachotaka na kwa nini, na uombe ruhusa ya kurekodi, ruhusa hiyo nayo uirekodi. Kisha mchezeshee wimbo wa zamani, unyamaze. Kimya hicho ndicho kitakachokuletea majina.

Usimsahau kukhu. Historia za muziki zimejaa wanaume wenye magitaa, na wanawake wamo kama majina ya nyimbo tu. Lakini nani alikuwa anacheza? Nani alijua mwimbaji anadanganya? Bibi anaweza kukuambia ukweli kuhusu wimbo wa mapenzi ambao mtunzi mwenyewe asingethubutu.

Kuna maswali ya kuachana nayo. Kifo cha Mukabi ni kidonda cha watu, si msimu wa podikasti ya mauaji. Kama familia ya msanii yeyote haitaki kuongea, ondoka kwa adabu. Na usimuahidi mzee pesa ambazo huna. Ahidi nakala, na uipeleke kweli, maana eneo hilo limeona watafiti wengi waliokuja na kinasa sauti, wakanywa chai, wakapotea.

Ukishapata, usiiache kwenye simu ambayo itaibwa stendi ya matatu. Weka jina la msimulizi, mahali na tarehe kwenye kila faili. Tunza nakala mbili mahali tofauti. Andika yote neno kwa neno, kwa lugha aliyotumia, hata kama amechanganya Kiluhya na Kiswahili cha Nairobi ya kitambo. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko papo hapo Kakamega, na hatuoni kwa nini wanafunzi wake wa Kiswahili wasiichukue kazi hii kama mradi wa mwaka wa mwisho, badala ya uchambuzi wa mia moja wa riwaya ileile. Serikali ya kaunti nayo inapenda sana isukuti siku za wageni. Basi igharimie uchapishaji wa kitabu kimoja, kurasa 150, Kiswahili, bei ya mwanafunzi.

Vitabu vya nyota wa rock vitaendelea kutangazwa, na sisi tutaendelea kuvisubiri pamoja nawe, na kubishana. Wakati unasubiri kinachofuata, swali la kuanzia unalo tayari: ile chupa ya Fanta, nani aliigonga?